Paa la Shukrani

1

Majengo mengi ya kale huponzwa na kutelekezwa. Hospitali ya Kasinde iliponzwa na kupendwa, na Mhandisi Leokadia Sichalwe alilijua hilo asubuhi ya kwanza tu, alipobandika sikio ukutani.

Sikio ni kile kifaa cha duara, ukubwa wa kisosi, ambacho wakaguzi wa Mamlaka ya Ufa hawaachani nacho. Hugonga ukuta taratibu, husikiliza mwangwi unavyorudi, kisha huchora kwenye kioo cha mkononi kila kilichomo ndani: tofali, tope, nondo, nyufa, hata njia za mchwa. Kuta za Kasinde lilizichora haraka. Matofali ya kuchoma, yameshikana kwa udongo mtupu, nondo hakuna. Zilikuwa kuta nene za watu waliojenga bila papara, na kama zingebeba bati tu, zingetikiswa na bado zikasimama. Leokadia alikuwa karibu kutabasamu. Ndipo sikio likafika juu, likachora kitu ambacho hakikufanana na paa. Ilikuwa kama jengo la pili limelala juu ya la kwanza.

Akapanda kwenda kujionea. Aliyemshikia ngazi alikuwa Mama Gaudensia Kipeta, mkunga mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani ambaye nusu ya mji aliipokea kwa mikono yake mwenyewe na nusu nyingine ilimwogopa tu. Watu walimwita Mama Gaude. Alishika ngazi na kutazama visigino vya mgeni vikipanda.

Juu kule Leokadia alisahau kazi iliyompeleka. Vigae vilikwenda mpaka mwisho wa jengo, safu juu ya safu juu ya safu, vyekundu, vyeusi, vya rangi ya asali, vingine vimeota ukungu wa kijani, na kila kimoja kilikuwa na jina lililochorwa kwa msumari kabla udongo haujakauka. Oresta. Filbert. Pacha wa Kanoni. Ilikuwa karne nzima ya watu, imelala juani. Upepo wa Ziwa Rukwa ulipita katikati ya matabaka ukipiga mluzi mwembamba, na nyuma ya yote hayo genge la Lyamba lya Mfipa lilisimama wima mpaka mawinguni. Leokadia alikuwa amekagua shule, mahakama na masoko bonde zima, na hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile wala cha hatari namna ile.

Desturi yenyewe alikuwa anaijua. Watu wa Kasinde ni vizazi vya wafua chuma, moto na udongo wamevizoea tangu enzi za mababu. Mtoto akizaliwa hospitalini, baba yake hufinyanga kigae, hukiandika jina, hukichoma, hukipandisha paani mwenyewe. Ni shukrani. Na kigae kikishapanda hakishuki, maana kukishusha ni kumkana mtoto. Kwa hiyo paa lilipojaa walianza tabaka la pili, kisha la tatu, wakifunga kwa waya na kupachika kwa saruji, na kila baba alishuka ngazi akijiambia kuwa chake ni kimoja tu.

Waliopona hawakuwa peke yao pale juu. Watoto waliozaliwa wakafa siku hiyohiyo nao walipata vigae, vidogo kidogo kuliko vya wenzao, na kwa wengi wao hicho ndicho kitu pekee duniani kilichobeba jina lao.

Kimoja cha namna hiyo kilikuwa cha Leokadia. Alikijua kilipo: juu ya chumba cha kujifungulia, ukingoni, upande unaotazama mlima. Kilisema Sabina. Enzi hizo alikuwa fundi mchanga aliyetumwa bondeni kuchimba visima, hana ndugu wala jirani, na mtoto wake aliliona jua likichomoza mara moja. Baba hakuwepo, na Mama Gaude ndiye aliyefinyanga kile kigae na kukipandisha. Mjini hakuna mwingine aliyejua. Leokadia alikitazama kwa mbali, hakukisogelea. Akageuka akashuka.

"Umeliona paa?" Mama Gaude akamuuliza.

"Nimeliona, mama."

Mkunga akaiegemeza ile ngazi ukutani, akarudi wodini.

2

Kituo cha visima kipo chini kabisa ya genge, mahali ambapo hata mchana kivuli cha mlima ni baridi. Leokadia alipoingia alihisi sakafu ikivuma kwenye nyayo zake. Osward Kapele, mkuu wa visima, alimpokea kwa kunong'ona, kama afanyavyo mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili. Watu wote wa kituo kile walizungumza hivyo. Hakuna aliyewaamuru, ila ukikaa miaka mingi karibu na kitu kikubwa kilicholala, sauti hushuka yenyewe.

Kapele akamwonyesha kioo kikubwa kinachochora yaliyoko chini ya ardhi. Hapa upande wa mlima, pale upande wa bonde, na katikati mstari mwembamba mwekundu, ufa wenyewe. Pande hizo mbili zinataka kupishana, zimekwama, na kwa kukwama zinajilimbikizia nguvu mwaka baada ya mwaka. Zikiachiwa zijifungue zenyewe, ardhi itaruka kimo cha mtu mzima kwa mpigo mmoja, na bonde zima litalala chini. Ndiyo sababu ya visima. Maji husukumwa kilindini mpaka kwenye ule mstari, mwamba unateleza kidogo, upana wa kiganja basi, siku iliyotangazwa, watu wote wakiwa uwanjani. Wanaliita Pumziko. Ni tetemeko la kuagiza. Wazee wa Kasinde walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Mamlaka ilijibu kwa kuandika kwenye magari yake yote kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, methali nzuri sana ambayo haikumtuliza mtu.

"Mlima umeshaanza kuitikia," Kapele alinong'ona. "Mwezi huu ukiisha hatujaupumzisha, tetemeko litakuja lenyewe."

Leokadia alitazama ule mstari mwekundu kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa hesabu, haogopi namba, lakini kila alipoingia kituoni hapo nywele zilimsimama. Binadamu wamefika mahali pa kumgonga mlima begani na kumwambia, baba, jigeuze polepole, tupo watoto hapa chini. Na mlima unasikia. Jambo lile lilimfurahisha na kumtisha kwa kiasi kilekile.

Lakini kulikuwa na Kanuni ya Majengo ya Kale. Hakuna Pumziko mpaka kila jengo la umma la zamani lililo karibu na ufa liwe limebomolewa au limeapiwa. Kuapiwa maana yake mkaguzi anatamka hadharani kuwa litasimama, kisha siku ya Pumziko anakaa ndani yake, peke yake, milango wazi. Kifungu hicho kiliingizwa baada ya soko moja lenye cheti kizuri kuporomoka kwenye Pumziko la majaribio, mkaguzi wake akiwa mbali anakunywa chai. Tangu kipitishwe, vyeti vilipungua sana na rushwa ikaisha kabisa. Kifungu cha pili kilisema kuwa mkaguzi mwenye jambo lake ndani ya jengo, awe na ndugu, mali au maziko, haruhusiwi kuliapia.

Kapele alimuuliza kama ataandika libomolewe. Leokadia akamweleza habari za barabara ya genge. Hospitali nyingine iko juu ya mlima, na ile mpya iliyoahidiwa bondeni haijachimbwa hata msingi. Kasinde ikibomolewa, kwa muda usiojulikana kila mama mwenye uchungu atapandishwa kwa zile kona. Ipo kona moja inaitwa Kona ya Paskazia, na Paskazia hakuwa mhandisi wa barabara, alikuwa mama aliyefia pale na mtoto tumboni.

"Basi liapie," Kapele akasema.

"Kwa paa lile litaanguka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Likishushwa lote, zikabaki kenchi na turubai, kuta zitasimama. Nadhani."

"'Nadhani' haiapiwi, Mhandisi."

Alilijua hilo. Tatizo lake halikuwa kuta. Akisema libomolewe, hakujua kama anasema kwa sababu ya matofali au kwa sababu anaogopa kufa. Akisema lisimame, hakujua kama anasema kwa sababu ya matofali au kwa sababu jina la Sabina limo juu yake. Mkaguzi safi angewaachia wengine. Mkaguzi mwingine yuko mbali, na hata akifika hatakuta muda wa kushusha paa, ataandika libomolewe na kugeuza gari. Leokadia alipima hayo njia nzima ya kurudi mjini, na kila alipopima mizani ililala upande uleule. Angekaa kimya kuhusu mtoto wake, na angeapa.

3

Mkutano ulifanyika kwenye ua wa hospitali, na mwenyekiti wa mji, Bwana Wilbroad Kauzeni, aliufungua kwa kuwaomba watu wasimrushie mgeni kitu chochote mpaka amalize.

Leokadia hakuleta michoro. Aliomba mkokoteni, akapanga juu yake nguzo nne za matofali bila saruji, akaweka juu yake ungo mtupu. Akamwambia Bwana Kauzeni avute mkokoteni mbele na nyuma kwa nguvu. Nguzo zilicheza, ungo ukacheza, vyote vikatulia. Kisha akaujaza ungo vigae vilivyopasuka tanuruni na kutupwa. Bwana Kauzeni alivuta mara moja tu. Vyote vilimwagika miguuni mwa waliokaa mbele.

Akawaambia ukweli bila kuupaka asali. Kigae kimoja hakina uzito, kila mtu hapa anasema chake ni kimoja, na hivyo vimoja vimoja ndivyo vitakavyowaua akina mama waliolala chini yake. Paa lishuke lote. Yeye ataapa, atakaa ndani.

Kelele zilizofuata hazikuwa za hasira tu. Watu walikuwa wameumia. Mzee mmoja alisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ni rahisi mtu wa Mamlaka kusema shusheni. Mwingine alisema babake alikufa akijua jina la mwanawe liko juu, atamwambia nini wakikutana. Ndipo akasimama Filotea, muuza dagaa, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo.

"Mimi ninao watatu pale, Mhandisi. Hakuna aliyetembea. Kaburi lao ni lile paa." Akamtazama Leokadia usoni. "Wewe una nani pale juu?"

Leokadia aliona kuwa Mama Gaude amesimama karibu na kibaraza, mikono imekunjwa, anamtazama. Aliona pia Kanuni yote mbele yake, kifungu cha pili, na nyuma yake tingatinga la kuja kubomoa.

"Sina mtu," akasema.

Maneno hayo yalimtoka vizuri, kwa sauti ya kiofisi, na papo hapo akahisi aibu ikimpanda kama homa. Watu wa Kasinde walikuwa wanaogopa kushusha kigae kwa sababu ni kumkana mtoto. Yeye alikuwa amemkana wake bila hata kushika ngazi.

Alitegemea Mama Gaude aseme. Mkunga akasogea mpaka katikati ya ua, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema, "na mama aliyelala wodini leo naye ni mzazi. Kila mtu atashusha chake kwa mkono wake. Wale wasio na wa kuwashushia nitawashusha mimi. Niliwapokea walipokuja, nitawapokea na leo."

Akaenda kuchukua ngazi. Filotea alimfuata, akilia waziwazi, kisha wengine wakaanza kuvua viatu.

4

Hakuna aliyepanga utaratibu, lakini utaratibu ulikuja. Watu walisimama kwa mistari kutoka paani mpaka chini, mkono kwa mkono. Aliye juu alisoma jina, na mstari wote ukalipokea kwa sauti mpaka likafika uani, na mwenye jina au jamaa yake akaitika. Oresta! Yupo, akajibu bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, akanyoosha mikono kupokea kigae kilichochomwa kabla meno yake hayajaota. Filbert! Yuko Mpanda. Pacha wa Kanoni! Mmoja yupo, mmoja tulimzika. Nyuki wa Mamlaka, vile vijindege vya kupiga picha, waliruka juu ya watu wakivuma, na mara moja moja mtoto aliwapungia mkono.

Kilipofika cha kwanza kati ya vile vidogo, mstari ulikwama. Aliyekisoma alikisoma kwa sauti ya chini, Yustasi, na uani hakuna aliyejua aitike nini, maana hayupo haikufaa na yupo haikufaa. Mama Gaude akakipokea.

"Alikuja," akasema.

Ikawa ndilo jibu. Kila kigae kidogo kiliposhuka, uani walijibu alikuja, kwanza wachache, kisha wote, na Filotea akapokea vyake vitatu kwa jibu hilohilo la watu wote.

Vigae havikurundikwa. Filotea alikilaza cha kwanza chini, jina juu, akakaa kando yake, na wengine wakafuata, kigae kando ya kigae, mpaka ua wote na njia yote ya kwenda getini vikafunikwa. Paa lilikuwa limehamia ardhini. Leokadia alisimama kwenye ngazi, mikono imechubuka, akilitazama. Alikuwa ameingia Kasinde akiona uzito wa kupimwa kwa tani. Sasa aliona uzito ule ulivyo hasa, watu waliolala kifudifudi juani wakisoma majina.

Alifanya kazi na wao siku zote za kushusha. Ukingo ule wa upande wa mlima hakuusogelea. Alijiambia kuna wengine kule, na kweli walikuwepo.

Vyumba vilipobaki na kenchi na turubai, alibandika tena sikio ukutani. Mwangwi ulirudi mwepesi. Zile kuta zilikuwa kama mpagazi aliyetua mzigo, bado mgongo unauma lakini anaweza kucheza. Ile nadhani yake ilikuwa imekaribia kuwa najua, na zaidi ya hapo hakuna sikio linaloweza kumfikisha mtu.

5

Siku ya Pumziko wagonjwa walikuwa kwenye mahema uwanja wa mpira, na mji wote nao. Kanuni inataka kila atakalosema mkaguzi lisikike kwa vipaza sauti, ili asije akabadilisha maneno baadaye. Leokadia aliapa mbele yao, akavaa redio kifuani, akarudi hospitalini kwa miguu kupitia njia ya vigae, akiangalia asikanyage jina.

Mama Gaude alikuwa wa mwisho kutoka. Leokadia alikuta ameondoa turubai juu ya chumba cha kujifungulia, na mbingu yote imeingia ndani.

"Kimebaki kimoja," mkunga alisema. "Kukishusha si haki yangu, mimi nilikipandisha tu kwa niaba. Na wewe ulituambia huna mtu. Kwa hiyo sijui ni cha nani."

"Mama."

"Ngazi nimekuachia," Mama Gaude akasema, akaenda zake.

Leokadia akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba. Juu, kwenye mbao za ukingoni, kigae kimoja kilikaa peke yake kikiwa na buluu pande zote. Redio ikakoroma, na Kapele, ambaye safari hii hakunong'ona, akauliza swali la Kanuni: Kasinde, nani yumo ndani?

"Leokadia Sichalwe. Niko peke yangu."

King'ora cha kwanza kikalia. Kati yake na cha pili kuna nafasi ya mtu kutubu au kukimbia, na wakaguzi wengi wamefanya vyote viwili. Leokadia alitazama juu. Alijua kabisa kuwa kigae kimoja hakiwezi kuangusha kuta hizi. Alijua pia alichokuwa amewaambia watu kuhusu kigae kimoja. Na hapo hesabu ikamwisha. Alibaki na haya tu, kuwa mtoto wake yuko juu ya ukuta na ardhi inakuja kutikisika.

Akapanda. Waya wa Mama Gaude ulikuwa umekaza kwa kutu, akaufungua kwa kucha mpaka damu ikatoka. Kigae kilikuwa chepesi kuliko alivyofikiri. Alipokigeuza ili ashuke nacho vizuri, aliona upande wa chini, ule ambao kutoka paani hauonekani. Udongo ulikuwa umebonyezwa pale kabla haujakauka. Ulikuwa unyayo, mdogo kuliko kidole chake cha shahada, vidole vyote vitano.

Hakuwahi kuambiwa. Mkunga alikuwa amemkanyagisha Sabina duniani mara moja kabla hajaondoka, akakaa kimya miaka yote akingoja mama mtu apande mwenyewe. Leokadia alishuka, akaketi, akakilaza kile kigae mapajani, na king'ora cha pili kikalia.

Aliliona kabla hajalihisi. Kupitia dirishani, mbali kaskazini, vumbi lilichomoka kwenye uso wa genge, kisha hatua moja karibu zaidi, kisha nyingine, mstari mrefu wa vumbi ukija kando ya mlima kama mtu mkubwa anayetembea huku ameburuza mkono ukutani. Ndege wote wa bonde waliruka pamoja bila kulia. Halafu ikaja sauti, na haikutoka nje, ilitoka kwenye kigoda, kwenye mifupa, kwenye meno. Leokadia alikikumbatia kigae.

Sakafu ikainuka. Ikaenda kushoto, ikarudi, ikaenda tena. Kuta alizozipima kwa mkono wake ziliegemea upande mmoja, zikavuta, zikaegemea upande wa pili, taratibu, kama ubavu wa ng'ombe anayepumua, na udongo kati ya matofali ukamwagika kwa mistari myembamba kama unga. Kenchi zililia. Aliona anga likipita juu ya kichwa chake na kurudi. Aliogopa kwa mwili wote, na katikati ya hofu ile akastaajabu, maana mlima ulikuwa unajigeuza kweli, polepole, kama ulivyoombwa.

Ndipo akavisikia vigae. Uani, majina yote ya Kasinde yalikuwa yanatetemeka ardhini, yakigusana kingo kwa kingo, na sauti ilikuwa ya maelfu ya vikombe, ya juu, angavu, isiyokoma, waliotembea na wasiotembea pamoja. Kile cha mapajani mwake kilitetemeka nacho, kikiitika wenzake. Leokadia akalia kwa sauti, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuwahi kumlilia mtoto wake mbele ya mtu, na sasa alikuwa na mlima mzima wa kumficha sauti.

Ikapungua. Ikawa mtikisiko mdogo, ikawa mvumo, ikawa kimya chenye vumbi. Kwenye kona moja ufa mpya ulikuwa umepanda mpaka dirishani, upana wa kidole. Kuta zote zilikuwa zimesimama.

Akatoka mpaka kizingitini. Nje, vigae vilikuwa vimesogea kidogo, kila kimoja kikampisha mwenzake, na vichache tu ndivyo vilivyokatika. Mbali, uwanjani, watu walikuwa wamesimama wote wakitazama upande wake.

Redio ikakoroma. Sauti ya Kapele ilikuwa inatetemeka kuliko ardhi. Aliuliza swali la mwisho la Kanuni, lile linalorushwa kwenye vipaza sauti vyote: Kasinde, nani katoka?

Jibu lililotakiwa lilikuwa jina lake tu. Kwa jina hilo angepata cheti, angebaki na kazi, na kifungu cha pili kingelala usingizi milele. Leokadia aliinua kile kigae kifuani, karibu na redio.

"Leokadia Sichalwe," akasema, "na Sabina, mwanangu, aliyezaliwa hapa. Niliwaambia sina mtu. Ninaye. Tumetoka wawili."

Vipaza sauti vikabaki vikivuma bure. Kisha kutoka uwanjani, bila kipaza sauti, ikaja sauti moja aliyoitambua, ya Mama Gaude, na nyuma yake ya Filotea, na nyuma yake ya mji mzima, ikivuka njia ya vigae mpaka pale aliposimama.

"Alikuja."